Kujiundia saa ya mkono ya ufunguo nyumbani: mashine ya kuanzia na kazi yenyewe ilivyo

Mwanzisha uzi:

Ndugu zangu, salaam. Mazungumzo ya saa mara nyingi huishia kwenye bei na majina ya kampuni, na anayeuliza kama mtu asiye fundi anaweza kuketi mezani kwake akaunda saa ya mkono inayotembea kwa springi na magurudumu, bila betri, hujibiwa kwa mkato kwamba hiyo ni kazi ya Waswisi. Jibu hilo linawakatisha watu tamaa bure. Kazi hiyo inawezekana, ila yapo mambo matatu ambayo huchanganywa. La kwanza ni kununua mashine iliyokamilika, yaani ule mfumo wa ndani wa springi na magurudumu unaoendesha saa, pamoja na kasha, uso na akrabu, kisha kuviunganisha, na mwenye mkono mtulivu humaliza kwa mchana mmoja. La pili ni kununua mashine, kuifumua mpaka skrubu ya mwisho, kuisafisha, kuitia mafuta, kuirudisha na kuirekebisha mwendo kabla ya kuivika kasha. La tatu ni kukata vipande vyenyewe kutoka kwenye bamba la shaba na fimbo ya chuma cha kaboni. Rai yangu ni kwamba anayeanza alenge hilo la pili, kwa sababu la kwanza halimfundishi saa, na la tatu kabla ya la pili ni kujitafutia hasara.

Mashine ninayoipendekeza ni Unitas 6497 au ndugu yake 6498, ambazo hutengenezwa na ETA ya Uswisi, au nakala ya Kichina ya Sea-Gull iitwayo ST36, ambayo bei yake ni ndogo zaidi kwa mbali. Mashine hii ilibuniwa kwa ajili ya saa za mfukoni, ndiyo sababu ni kubwa: kipenyo chake ni milimita 36.6 na unene wake milimita 4.5. Haina tarehe wala rota, kile kipande kizito kinachoijaza springi mkono unapotikisika, na toleo la kawaida lina yakuti 17 tu, yaani vijiwe vigumu vinavyopunguza msuguano. Tofauti ya 6497 na 6498 ni mahali pa sekunde. Ukiishika saa na kifundo cha ufunguo, kile cha ubavuni cha kujazia, kikielekea kulia, 6497 ina sekunde ndogo upande wa kushoto penye tisa, na 6498 inazo chini penye sita. Ukubwa huo una faida moja kubwa, nayo ni kwamba unaweza kuona kila kipande kinavyofanya kazi kwa lenzi ya kawaida ya jichoni, na skrubu zinashikika kwa kibano bila kuruka kila dakika.

Kabla ya kugusa bisibisi, ifahamu njia ya nguvu. Springi kuu imejikunja ndani ya kopo lenye meno. Kopo linasukuma gurudumu la kati, ambalo humaliza mzunguko mmoja kwa saa. La kati linasukuma la tatu. La tatu linasukuma la nne, ambalo kwenye mashine hii huzunguka mara moja kwa dakika na kubeba akrabu ya sekunde. La nne linasukuma gurudumu la kuachia. Hapo ndipo unapokaa uma mdogo wenye vijiwe viwili vya yakuti, ambao hushika jino na kuliachia, kwa amri ya gurudumu la mizani linalopepea kwenda na kurudi likivutwa na springi nyembamba mno tunayoiita springi ya unywele. Toleo la 6497-1 hupiga mapigo 18,000 kwa saa, yaani matano kila sekunde, na kwa siku nzima ni mapigo 432,000. Saa ikikosea sekunde 10 kwa siku, kosa hilo ni sehemu moja katika 8,640. Wenye kudharau saa ya ufunguo kwa sababu simu inaishinda kwa usahihi wafikirie hesabu hiyo kidogo.

Katika kufumua, mpangilio una maana kuliko kasi. Kwanza toa nguvu iliyomo ndani ya springi kuu: shika kifundo kwa vidole, sukuma kando kile kizuizi kinachozuia springi isirudi, kisha kiache kifundo kizunguke kinyume polepole mikononi mwako mpaka kinyamaze. Ukiondoa uma springi ikiwa imejaa, magurudumu yote yatafyatuka kwa kasi kubwa, na ncha za ekseli au meno yanaweza kuvunjika. Baada ya hapo ondoa daraja la gurudumu la mizani, yaani bamba dogo linaloishikilia ekseli yake kwa juu, pamoja na mizani yenyewe, bila kuiacha ining'inie hewani kwa springi ya unywele muda mrefu. Ndipo ufuate uma, kisha magurudumu ya kujazia, kisha madaraja na magurudumu mengine. Kumbuka kwamba kwenye mashine nyingi skrubu ya lile gurudumu linaloshikana na kifundo imekatwa uzi wa kinyume, hivyo hufunguka kwa kuzungushwa upande ambao skrubu nyingine hufungwa. Piga picha kila hatua, na weka skrubu za kila daraja katika kisahani chake, kwa sababu urefu wake haulingani, na skrubu ndefu ikiwekwa mahali pa fupi inaweza kugusa gurudumu lililo chini yake.

Kusafisha kunahitaji tahadhari moja ambayo wengi hawaambiwi. Spiriti husafisha vizuri shaba na chuma, lakini vijiwe vya uma na kile kijiwe kidogo kilicho chini ya gurudumu la mizani vimegandishwa kwa utomvu wa lakki, ambao huyeyuka ndani ya spiriti. Uma na mizani visilowekwe humo. Tumia benzini safi ya kujazia viberiti vya mafuta, si vile vya gesi, au kiowevu maalumu cha mafundi wa saa.

Mafuta nitayaacha kwa wenye uzoefu mrefu zaidi yangu. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mwanzisha uzi, nimekusoma kwa makini na nakubaliana na mengi, ila kuhusu mashine ya kuanzia ninatofautiana nawe. Mashine yenye kipenyo cha milimita 36.6 kwa kawaida inalazimisha kasha la milimita 40 au zaidi, na si kila mkono unabeba sahani ya namna hiyo. Mashine ya Seiko iitwayo NH35 ina kipenyo cha milimita 27.4, ni otomatiki, ina yakuti 24, hupiga mapigo 21,600 kwa saa, na ikijaa hutembea kwa takriban saa 41. Zaidi ya hayo, makasha, nyuso na akrabu zake zimejaa kwenye maduka ya mtandaoni, kwa hiyo mtu anaweza kuvaa kazi ya mikono yake mapema na kupata hamu ya kuendelea. Kumwambia anayeanza afumue mashine nzima kabla hajavaa chochote ni kumchosha.

Mwanzisha uzi:

Hoja ya ukubwa wa mkono ni ya haki, na anayetaka kwanza kuvaa basi achukue NH35 bila kusita. Nilichokuwa nikizungumzia ni kujifunza. Upande wa uso wa NH35 umejaa mfumo wa tarehe na siri zake, pamoja na springi ndogo zinazopenda kuruka, na upande wa nyuma umefunikwa na rota na mkono wa kujazia, kiasi kwamba anayeanza hutumia nguvu zake nyingi kupambana na mambo ambayo si moyo wa saa. Anayeichukua hata hivyo ajue jambo moja. Kabla ya kubandika akrabu, azungushe kifundo mpaka tarehe iruke, kisha aweke akrabu zote mbili penye kumi na mbili hapo hapo, vinginevyo saa yake itabadili tarehe wakati watu wanakula chakula cha mchana. Asiyetaka usumbufu huo achukue NH38, ambayo ni ya ukoo huo huo lakini haina tarehe.

Mchangiaji wa pili:

Mimi ni fundi wa saa, nimekaa kwenye kibanda tangu enzi ambazo saa ya betri ilikuwa kitu cha kushangaza. Ninafurahi kuona vijana wanataka kujua kilichomo ndani, badala ya kuja tu na saa imekwisha kuchokonolewa kwa kisu cha jikoni.

Kuhusu mafuta, kanuni ni kwamba kadiri kitu kinavyozunguka polepole na kwa nguvu nyingi, ndivyo kinavyotaka mafuta mazito. Kadiri kinavyokwenda haraka na kwa nguvu ndogo, ndivyo kinavyotaka mafuta mepesi. Kwa hiyo ekseli ya kopo na gurudumu la kati hupewa mafuta mazito, kama yale ya kampuni ya Moebius yaitwayo D5 au HP1300, na ncha za gurudumu la nne, gurudumu la kuachia na mizani hupewa mepesi ya 9010. Vijiwe vya uma vina mafuta yake, 9415, ambayo hukaa mahali pake yasitawanyike kwa mapigo. Sehemu za kifundo zinazosuguana chuma kwa chuma hupewa grisi. Ncha za uma wenyewe huachwa kavu, meno ya magurudumu hayatiwi mafuta kabisa, na springi ya unywele ikiguswa na mafuta pete zake hugandana na saa hukimbia kama imeibiwa. Kiasi kinachotakiwa ni kile kinachojaza kikombe kidogo cha yakuti kwa nusu au zaidi kidogo, bila kufurika. Mafuta mengi hayasaidii, kwa sababu yakifurika huvutwa na bamba na kuiacha ncha ikiwa kavu. Na tafadhali, mafuta ya cherehani yabaki kwenye cherehani.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, feni. Zima feni ya dari kabla ya kufungua saa, hata kama joto linakutoa jasho, kwa sababu inapeperusha vumbi na vipande vyepesi. Jasho nalo ni chumvi, na chumvi ikibaki kwenye chuma usiku kucha asubuhi unakuta doa la kutu, kwa hiyo vaa vifuniko vya vidole. Unapofungua kile kispringi cha Incabloc kinacholinda ncha za mizani dhidi ya mtikisiko, ingiza mashine na mikono yako ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki angavu. Kispringi hicho kikiruka ndani ya mfuko utakiokota. Kikiruka chumbani, agiza kingine.

Mchangiaji wa tatu:

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru kwa darasa la mafuta, nimelinakili lote. Swali langu ni hili: nikishairudisha mashine na ikatembea, nitajuaje kama inatembea vizuri? Kuilinganisha na simu kwa siku kadhaa kunanipa jibu moja tu, kwamba imewahi au imechelewa.

Mchangiaji wa pili:

Marahaba mwanangu. Zamani tulitumia sikio na subira, na saa ilikaa kibandani wiki nzima ikigeuzwa geuzwa. Siku hizi kuna kifaa kinachosikiliza mapigo kwa maikrofoni, kinaitwa taimugrafu, na vya Kichina si ghali. Kwanza kiambie pembe ya mnyanyuko ya mashine yako, yaani pembe ambayo mizani hupita ikiwa inagusana na uma, kwa kuwa bila namba hiyo hesabu yake ya upana haina maana: Unitas ni nyuzi 44, na NH35 ni nyuzi 53. Kisha soma namba tatu. Ya kwanza ni sekunde inazowahi au kuchelewa kwa siku. Ya pili ni upana wa mpepeo wa gurudumu la mizani, ambao saa ikiwa imejaa na imelala uso juu unapendeza ukiwa kati ya nyuzi 270 na 300. Ya tatu ni tofauti ya muda kati ya tiki na taka, ambayo ikiwa chini ya nusu milisekunde usiiguse tena.

Upana ndio unaoniambia ukweli. Sekunde unaweza kuzisogeza kwa kile kiwiko kidogo chenye alama za kujumlisha na kutoa, lakini kiwiko hakiponyi uchafu. Saa yenye upana wa nyuzi 180 ikiwa imejaa ina tatizo: pengine ncha kavu, pengine unyuzi uliosahaulika kwenye meno, pengine springi kuu imechoka. Pima pia ikiwa imesimama kwa ubavu katika pande mbalimbali, kwa sababu mkono wa mtu haukai mezani. Cheti cha kronomita cha Uswisi hudai wastani wa kati ya kuchelewa sekunde 4 na kuwahi sekunde 6 kwa siku, na hupimwa katika mikao mitano na joto la aina tatu kwa siku 15. Saa ya nyumbani iliyosafishwa vyema ikikaa ndani ya sekunde 10 katika mikao ya kawaida, vaa na uwaonyeshe watu.

Jambo la mwisho: saa ikianza ghafla kuwahi dakika kadhaa kwa siku, usiifungue kwanza. Mara nyingi imeshika sumaku kutoka kwenye spika au kifuniko cha simu. Kifaa cha kuondoa sumaku huimaliza kazi hiyo mara moja.

Mchangiaji wa nne:

Naomba nami niongee upande wa lile jambo la tatu, maana naona limepitwa haraka. Nina mashine ndogo ya kukerezea, na lengo langu ni kukata magurudumu mwenyewe. Tusisahau kwamba George Daniels, Mwingereza aliyefariki mwaka 2011, alitengeneza saa zake karibu peke yake katika karakana yake, ambayo miaka ya baadaye ilikuwa kwenye Kisiwa cha Man, na ndiye aliyebuni mfumo wa kuachia uitwao koaksiali, ambao Omega ilianza kuutia kwenye saa zake mwaka 1999. Roger Smith naye alianza kama kijana aliyempelekea Daniels saa ya mfukoni aliyoiunda, akaambiwa aanze upya. Akaanza upya, na ya pili ikakubaliwa. Hao ni binadamu kama sisi.

Hesabu ya magurudumu yenyewe haitishi. Gurudumu la kati huzunguka mara moja kwa saa na la nne mara moja kwa dakika, kwa hiyo kati yake kunatakiwa uwiano wa 60. Ukimpa la kati meno 80 yanayosukuma pinioni (kigurudumu chenye meno machache) ya meno 10, na la tatu meno 75 yanayosukuma pinioni nyingine ya meno 10, unapata mara 8 kuzidisha kwa mara 7.5, ambayo ni 60 kamili. Gurudumu la kuachia lenye meno 15 hutoa mapigo 30 kila mzunguko, kwa hiyo ukitaka mapigo 18,000 kwa saa lazima lizunguke mara 10 kwa dakika, na hilo hupatikana kwa meno 70 kwenye gurudumu la nne na 7 kwenye pinioni ya kuachia. Kwa upande wa akrabu unahitaji uwiano wa 12 tu kati ya ya dakika na ya saa.

Mwanzisha uzi:

Hesabu yako ni safi, ndugu, na mfano wa Roger Smith ni mzuri kwa sababu unaonyesha hata mwenye kipaji aliambiwa arudie. Ugumu hauko kwenye hesabu bali kwenye umbo na ukubwa. Meno ya saa hayakatwi kwa umbo la gia za gari. Hutumika umbo la saikloidi, na kikatio chake ni maalumu kwa kila kipimo. Magurudumu huwa ya shaba, lakini pinioni ni za chuma cha kaboni ambacho lazima kikae motoni mpaka kiwe chekundu, kizamishwe ghafla kwenye mafuta, kisha kipashwe tena taratibu mpaka kifike rangi ya buluu, karibu nyuzi 300 za Selsiasi, ili kisiwe laini mno wala kisivunjike kama kioo. Ncha za mizani zina unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita, na zinatakiwa kung'arishwa baada ya kukerezwa. Kuhusu springi ya unywele, hata karakana nyingi zinazoheshimika Uswisi huinunua. Aloi zake ni elimu ya peke yake: Charles Édouard Guillaume alipewa Nobel ya fizikia mwaka 1920 kwa kazi yake juu ya aloi za chuma na nikeli, na kutoka kwenye kazi hiyo ndipo zilipopatikana springi ambazo hazilegei ovyo joto linapopanda.

Kwa mwenye kerezo, njia ninayoiona ya busara ni kuchukua Unitas, kuacha magurudumu, mizani na uma kama vilivyo, na kuanza kwa kutengeneza madaraja yako mwenyewe. Hapo unajifunza kutoboa matundu kwa umbali sahihi, kulainisha kingo kwa tupa na kung'arisha skrubu, na ukikosea daraja moja umepoteza kipande cha shaba tu. Karakana kadhaa ndogo za Ulaya zinauza saa zilizojengwa kwa mtindo huo, tena kwa fedha nyingi.

Mchangiaji wa tano:

Mimi hamu yangu iko kwenye uso. Ninataka saa inayosomeka kwa hesabu yetu, yaani jua likichomoza iwe saa kumi na mbili kwenye namba yenyewe, bila kugeuza kichwani. Je, mashine itahitaji kubadilishwa?

Mwanzisha uzi:

Haihitaji kitu, kwa sababu akrabu ya saa huzunguka mara moja kwa saa 12 kwa hesabu zote mbili. Chora uso wenye sita juu, mahali pa kumi na mbili, na kumi na mbili chini. Usijaribu kuuzungusha uso uliokwisha kuchapwa, maana miguu yake miwili ya nyuma haitaingia kwenye matundu ya mashine. Kama una mashine yenye tarehe, njia hii ya kuchora namba upya ni bora kuliko kurudisha akrabu nyuma saa sita, kwa kuwa ukirudisha akrabu tarehe itaruka alfajiri badala ya usiku wa manane. Kuhusu uchoraji wenyewe, kuchapa kwa namna ya viwandani ni kugumu nyumbani, lakini bamba la shaba lililochongwa kwa tindikali au kwa mkono, kisha likapakwa fedha au kuachwa kwa rangi yake, linapendeza kuliko stika iliyochapwa kwenye karatasi.

Mchangiaji wa kwanza:

Niongeze la kuvika kasha, kwa kuwa ndipo NH35 yangu iliponifundisha. Shafti ya kifundo huja ikiwa ndefu makusudi. Ikate kidogo kidogo kwa koleo kali, isawazishe ncha kwa tupa, ipime ndani ya kasha, kisha irudie tena, kwa sababu iliyozidi unaweza kuipunguza lakini iliyopungua hairefushwi. Kifundo kikisukumwa ndani lazima kikae sawa na ubavu wa kasha, na kikivutwa lazima ubofyo wa kupangia saa usikike wazi. Mipira ya kuzuia maji ya mfuniko na ya kifundo ipakwe grisi ya silikoni. Ukimaliza, mpelekee fundi mwenye kifaa cha kupimia kwa hewa kabla hujaenda nayo baharini, hata kama mgongoni mwa kasha pameandikwa mita 200, kwa kuwa maandishi hayo yalipigwa kabla wewe hujalifungua.